Mume Wangu, Mgeuza Majani

Mume wangu Fakoro Diara ana kazi ambayo hakuna mtu angemwombea mwanawe. Anageuza majani ya nyanya za watu na kutazama chini yake. Umande haujakauka yeye yuko shambani, ameinama, mkono mmoja kiunoni pale panapomuuma, mwingine unageuza jani, unaliachia, unashika jingine. Akimaliza tuta hili anaingia tuta lile. Jioni anarudi, anajibwaga kwenye kigoda hata viatu hajavua, na nikimwuliza habari za huko ananijibu neno moja: "Majani." Nimekaa naye mpaka nimeota mvi, na neno hilo nimelisikia kutoka kinywani mwake zaidi kuliko jina langu, Sitan.

Zamani alikuwa mfungua maji. Mfereji wetu unatoka mtoni, unapita vijiji vyote, na yeye alikuwa akifungua na kufunga vilango ili kila shamba lipate zamu yake. Kwa kuwa alikuwa akipita kwa kila mtu, wakulima walipotaka mtu wa kuangalia magonjwa wakamchagua yeye. Akaenda Bamako kufundishwa. Alirudi na kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba shingoni, mafurushi ya vibao vya manjano vyenye gundi, na kadi za karatasi ngumu. Nilimwambia, "Mwenzio akienda Bamako anarudi na kitambaa cha mkewe." Akanipa kibao kimoja. Nilikitundika jikoni kikanasa nzi, kwa hiyo siwezi kusema sikupata kitu.

Ugonjwa anaoutafuta ni ule wakulima wanaouita rasta. Majani ya juu yanajikunja kwenda juu, kingo zinageuka manjano, mmea unadumaa na maua yanapukutika kabla hayajafunga tunda. Wanaoueneza ni inzi weupe, wadogo kama chembe za unga, wanaokaa chini ya jani mchana kutwa na kuruka ukitikisa shina. Mtu asiyejua atasema ni kiu, aongeze maji. Fakoro mwenyewe aliwahi kukosea: aliona manjano akasema ni virusi, akaliminya jani kwenye kadi, akaituma Bamako, jibu likarudi kwamba hakuna kitu. Kumbe ni maji yaliyokuwa yamesimama miguuni mwa mimea. Tangu siku hiyo haamui haraka, na kutoamua haraka kunachosha kuliko kuinama.

Lakini akishathibitisha, hakuna dawa. Virusi vikiingia kwenye mmea, pulizia unachotaka, unatupa mali yako tu. Unang'oa, unachoma. Ndiyo maana hakuna anayefurahi kumwona. Watu wakimwona anakuja na vibao vyake wanasema, "Fakoro, leo umetuletea msiba gani?" Wengine wanajifanya hawapo. Mwanamke mmoja alijificha nyuma ya punda. Mimi ningekuwa nimetukana watu siku nyingi. Yeye anasalimu, anauliza habari za watoto, kisha anainama.

Mtu mmoja tu alikuwa akimfurahia, naye ni Wasa Traore.

Wasa ni mjane, shamba lake liko mwisho wa mfereji, na nyumba yake iko hapo hapo kando ya maji. Yeye ni Traore, mume wangu ni Diara, na watu wa majina hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja anamwita mwenzake mtumwa, kila mmoja anamwita mwenzake mla maharage, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani akikuomba kitu si rahisi kumnyima. Akikutukana unacheka. Hata magomvi makubwa ya hapa kwetu huwa yanamalizwa na watani, kwa sababu wao wanaweza kusema lisilosemeka.

"We mla maharage!" Wasa alikuwa akipiga kelele akimwona tu. "Umekuja kunisafishia banda la mbuzi?"

"Nimekuja kuhesabu watumwa wangu. Naona mmoja amenenepa bila ruhusa."

"Kaa mbali na nyanya zangu, upepo wako utazinyausha!"

Waliendelea hivyo mpaka majirani waache majembe wacheke. Nilikuwa nikimwonea wivu kidogo Wasa, nasema kweli. Kwangu alileta uchovu, kwa Wasa alileta maneno.

Sasa, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Msimu wa mwaka juzi, rasta ilianzia shambani kwa Wasa. Fakoro aliiona kwanza yeye, mimea michache pembeni, majani yamejikunja. Na alimwambiaje? Alimwambia kiutani. Alisimama katikati ya shamba akasema kwa sauti, "Jamani, njooni mwone! Nyanya za Traore zimesuka nywele, zinataka kuolewa! Zing'oeni kabla hazijatuletea mahari!"

Watu wakacheka. Wasa akamjibu kwamba zimesuka nywele kwa sababu zimechoka kutazamwa na wala maharage. Wakacheka zaidi. Hakuna aliyeng'oa hata mche mmoja. Fakoro alirudi kesho yake akarudia kwa sauti ya kawaida, lakini nani angemsikiliza? Diara akimwambia Traore kwamba shamba lake linaugua, hayo ni maneno au ni salamu? Yeye mwenyewe ndiye aliyewazoesha. Mpaka kadi inarudi kutoka Bamako na jibu, ugonjwa ulikuwa umepanda na mfereji kuja mpaka kwetu. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Msimu ule tulivuna vitunguu tu, na nyanya tulizozoea kuzipeleka mjini kwa malori hazikujaza hata beseni.

Baada ya hapo vijana waliondoka. Wasa alikuwa na mtoto mmoja, Moriba, kijana mrefu mwenye kuburuta ndala ya kushoto akitembea, mwenye njaa saa zote. Aliondoka na wenzake kuelekea pwani, wapande mashua waende ng'ambo. Wenzake wawili walipiga simu kutoka huko. Walisema mashua zilikuwa mbili. Walisema hivyo kwa wazazi wao, wazazi wakaambiana, na kijiji kizima kikajua ile mashua ya pili haikuonekana tena. Kwa Wasa hakuna aliyekwenda. Utakwenda useme nini? Hakuna mwili, hakuna aliyeona kwa macho. Watu walimsalimu kisimani, wakasifia kanga yake, wakapita.

Mwaka jana wakulima wa mfereji wetu wakakutana uani kwa mwenyekiti wao, Zumana Konate. Walikubaliana jambo ambalo watu wa vijiji vya juu walikwishalifanya na likawasaidia: miezi ya mvua kubwa, nyanya na pilipili zote ziondolewe, usisimame hata mche mmoja kando ya mfereji. Maana sisi wenye mfereji tuna maji mwaka mzima, na tukilima nyanya mwaka mzima, ugonjwa nao unakula mwaka mzima. Inzi akikosa nyanya, anakufa na virusi vyake, na miche mipya inaingia shamba safi. Atakayepatikana na nyanya atanyang'anywa shamba. Wote wakanyoosha mikono, Wasa akiwemo. Alisema, "Hata mla maharage anaweza kufunga miezi hiyo, sembuse inzi."

Mvua ikaja, tukang'oa, tukachoma. Fakoro akabaki na vibao vyake vya manjano kandokando ya mfereji, akivitazama kwa kioo na kuvibadilisha. Wiki hadi wiki inzi walipungua. Vibao vya huku kwetu vikawa vitupu, vimenasa mbu na vumbi tu. Ila vile vya mwisho wa mfereji, karibu na kwa Wasa, viliendelea kuwa vyeupe kana kwamba mtu amepitisha unga.

Fakoro akaacha kula vizuri. Nilipika ugali wa mtama na mchuzi wa bamia, chakula anachokipenda, akachovya matonge mawili akanawa.

"Kuna nini?"

"Kuna nyanya mahali."

"Za nani?"

Akaenda kutafuta viatu vyake. Goti lake lilikuwa limevimba, nami nilikuwa na chekeche ya Wasa ya kurudisha, kwa hiyo nikamwambia twende wote.

Tulimkuta Wasa anatwanga. Akaanza palepale, "Leo mtumwa amekuja na mlinzi! Sitan, unamwogopea nini, nani atamwiba huyu?" Nikacheka, nikampa chekeche yake. Fakoro hakucheka. Alizunguka nyuma ya bafu la nje, pale palipozungushiwa mikeka, akavuta mkeka mmoja.

Nyanya zilikuwa hapo. Chache, kwenye udongo mwororo unaopata maji ya kuogea. Sijawahi kuona nyanya zilizougua namna ile zikiwa bado zinatunzwa. Zimedumaa, hazifiki gotini, majani madogo yamekunjana kama ngumi za mtoto mchanga, manjano tupu. Hakuna ua, hakuna tunda. Lakini kila mche umeegemezwa kijiti na kufungwa kwa uzi wa kitambaa, na chini pamepaliliwa safi. Fakoro aligusa shina moja tu, inzi wakaruka wingu zima.

Akainama kwa shida, akageuza jani, akalitazama kwa kioo. Sijui alikuwa anatafuta nini, hata mimi nisiye na kioo nilikuwa nimeona.

"Wasa," akasema, "hizi nyanya."

"Nyanya gani? Macho ya mla maharage yamejaa upepo."

"Nazungumza nawe vizuri. Zumana akiziona atakunyang'anya shamba."

"Zumana ni mtumwa wa mtumwa wangu. Mwambie aje na kamba, nimfunge pamoja na wewe."

"Miche ya watu iko karibu kuatikwa. Hawa inzi watakwenda kwenye vitalu vyote."

"Basi wafundishe inzi kusoma, si umesoma Bamako?"

Aliendelea kutwanga huku anasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, lakini mchi ulikuwa unapiga ukingo wa kinu. Mimi uvumilivu ukaniisha. Msimu ule mbaya nilikuwa nimeuza pete za masikioni alizoniachia mama. Nikamwambia, "Dada Wasa, utani una mahali pake. Hizo nyanya hazizai! Unatunza nini hapo? Unataka sote tukose tena kwa ajili ya majani?"

Mchi ukasimama. Alinitazama, kisha akazitazama.

"Moriba alizipanda asubuhi ile anaondoka," akasema. "Aliniambia, mama, usizing'oe mpaka nipige simu."

Nilitamani ardhi inimeze. Fakoro alikuwa bado amechuchumaa katikati ya ile miche, goti linamuuma, hawezi kuinuka vizuri wala kubaki. Ninamjua mume wangu. Kwa mwanamke yule hakuwa na chombo kingine zaidi ya utani. Hakujua kumwambia pole, hawajawahi kuambiana pole. Alichotaka ni Wasa acheke kidogo tu, apate pumzi, halafu waongee.

Akainuka. Akaweka mkono kisogoni, akaburuta mguu wa kushoto, chwa, chwa, chwa, akaja mpaka mbele ya kinu, akafunua kifuniko cha sufuria iliyokuwa kando akasema kwa sauti ya kijana mvivu, "Mama, nina njaa mie, mbona jiko limelala?"

Alikuwa Moriba mtupu. Kicheko kilinifika kooni, ndipo nikamwona Wasa usoni.

Kwetu mtani anachukua mwendo wa mtu na sauti yake siku moja tu. Siku ya mazishi. Ndiye anayevaa kofia ya marehemu, anayetembea kama yeye, anayelala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe chochote, watu wacheke katikati ya kilio. Ni kazi yake, na asiyekuwa mtani hawezi kuifanya. Lakini aliye hai hafanyiwi. Hata kwa bahati mbaya hafanyiwi. Hata mtoto anajua.

Fakoro naye alijua, mguu ukiwa bado hewani. Aliushusha polepole.

"Umesema," Wasa akasema.

"Wasa, sikukusudia. Wallahi sikukusudia."

"Kijiji kizima kimekaa kimya. Wewe umesema."

"Mimi ni mpumbavu, Wasa, mla maharage, mimi..."

"Nendeni nyumbani kwenu."

Tulikwenda. Njiani nilimsema mume wangu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia mdomo wake ulituua msimu ule na leo umemuua mtoto wa mwenzake. Alitembea mbele yangu akichechemea, hakugeuka. Tulipofika kwenye kilango cha maji, pale alipofanyia kazi ujana wake wote, alikaa chini kwenye saruji. Akasema, "Sitan, nimechoka." Miaka yote ya kuinama ile sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nikakaa naye. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimechoka na mimi.

Kesho yake tuliona moshi mwisho wa mfereji. Moshi mweupe wa majani mabichi, unaokataa kupanda. Fakoro aliutazama mpaka ukaisha. Hakuna aliyemwambia Zumana, si yeye si mimi.

Baada ya hapo vibao vya kule navyo vikawa vitupu. Watu wakaatika miche chini ya vyandarua, mvua zikapita, wakahamishia shambani. Kila siku Fakoro aliinama, akageuza, akakuta kijani juu na kijani chini. Kadi zilirudi kutoka Bamako safi. Malori yakaanza kuulizia. Wanaume waliokuwa wakijificha wakawa wanamwita wenyewe anywe chai, na Zumana alimsifu msikitini mbele za watu. Alirudi nyumbani, akajibwaga kwenye kigoda. Nikamwuliza. "Majani," akasema.

Maana kwa Wasa alikuwa akipita pia, ndiyo kazi, na Wasa alikuwa akimwamkia. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Alikuwa akimwamkia kwa heshima zote, umeamkaje, watu wa nyumbani wameamkaje, goti linaendeleaje, Mungu akupe amani ya mchana, macho chini, kama mtu anayemwamkia mkwewe. Hakuna mtumwa, hakuna maharage. Kwa Diara na Traore hayo ni matusi yasiyo na jibu. Alijaribu mara moja kumchokoza, akamwambia naona mtumwa wangu amekonda. Wasa akasema, "Amina," akaendelea kupalilia.

Nilikwenda kumsihi mimi. Alinipa maji, akaniuliza habari za watoto, akanisindikiza mpaka njiani. Nilirudi na maneno yangu yote tumboni.

Nyanya za kwanza zilipoanza kuiva, asubuhi moja nikamwona Wasa amesimama langoni kwetu. Amejifunga nguo nyeupe. Hakuniamkia.

"Mtumwa yupo?"

Fakoro alikuwa ndani anatafuta kioo chake. Alitoka kana kwamba ameitwa na polisi.

"Alhamisi nasomesha dua ya Moriba," Wasa akamwambia. "Imamu amekubali. Mwili hakuna, tutasoma hivyohivyo. Dada zangu wanakuja."

"Mungu amrehemu," Fakoro akasema.

"Sikuja kuchukua rehema kwako. Wewe ulimzika nusu, nyuma ya bafu, ukaniachia nusu nyingine. Hivyo ndivyo wala maharage mnavyofanya kazi? Alhamisi uje umalize."

"Wasa, siwezi."

"Ulivyoweza siku ile nani alikuwa amekulipa? Utakuja. Mimi ni Traore, wewe ni wangu, huna pa kukataa."

Akaondoka. Fakoro alibaki ameshika mlango, na mimi nikaenda kulia jikoni.

Alhamisi uwanja wa Wasa ulijaa mpaka barabarani. Wale waliokaa kimya mwaka mzima walikuja wote, kila mtu na rundo la pole zake, kama wenye deni. Imamu aliposema amina ya mwisho, wanawake wakaanza kulia. Ndipo mume wangu akatoka nyuma ya mikeka. Amevaa fulana ya mpira ya Moriba imembana tumboni. Mkono kisogoni. Chwa, chwa, chwa. Alipita katikati ya masheikh akiburuta mguu, akafunua sufuria moja, akafunua ya pili, akawauliza wageni nani amekula nyama yake. Alikwenda kwa wasichana fulani akawaambia kwa sauti ya Moriba wasigombane, atawaoa wote akirudi. Watu walicheka, Mungu anisamehe, tulicheka mpaka mbavu zikauma, na machozi yalikuwa yanamtoka yeye mwenyewe bila kukatika na hakuyafuta.

Akafika mbele ya Wasa. "Mama, nina njaa mie, mbona jiko limelala?"

Wasa alicheka. Alicheka sana, ameegemea bega la dadake, mpaka kicheko kikawa kitu kingine. Fakoro hakuondoka, mtani haondoki mpaka apewe. Alirudia maneno yale tena, na tena, polepole zaidi, mguu ukiburuta pale pale. Wasa akajifuta uso kwa pindo la nguo, akafungua fundo, akatoa kokwa mbili za kola, zile chungu tunazopeana penye heshima, akamwekea mkononi na kumfumba vidole.

"Inatosha, mtumwa wangu," akasema. "Sasa mwache mwanangu aende."